MENO YA MTOTO YAMEPINDA: JE, NI LAZIMA KUYATIA WAYA?

Somo kwa mama wanaokuja kliniki



Siku moja ya kupima uzito wa watoto, mama mmoja wa hapa Hewa Bora alibaki kwenye benchi mpaka wenzake wote walipokwisha kwenda. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na wakubwa wawili pembeni yake: msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 7. Akamsukuma msichana mbele yangu, akasema:

— Mama, angalia meno ya huyu mutoto. Ku masomo banamuchekaka. Bananiambia nimuwekeshe aparei. Niko tayari kuuzisha mashine yangu ya kushona. Unasema nini?

Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yake. Nikamjibu: "Mama, usiuze kitu leo. Tuangalie kwanza."

Tuliangalia, na mambo tuliyoyaona nitayaeleza mwisho wa somo hili. Lakini swali lake ni swali la mama wengi siku hizi. Wanaona vijana wenye waya katika meno, wanaona picha, wanasikia maneno ya jirani. Wanaanza kufikiri kwamba kila jino lisilosimama sawa ni ugonjwa, na kwamba mzazi asiyetia waya hampendi mtoto wake. Sivyo. Kuna meno yaliyopinda yasiyohitaji kitu. Tena kuna meno ambayo macho yanayaona mazuri, na kumbe yanahitaji msaada upesi. Tujifunze kuyatofautisha.

1. MENO YANAOTA NAMNA GANI?

Mtoto anapata meno 20 ya maziwa. La kwanza linaota karibu na mwezi wa 6, na yote yanatimia kati ya miaka 2 na nusu na miaka 3.

Karibu na miaka 6 meno ya ukubwa yanaanza. Gego la kwanza la ukubwa linaota nyuma ya meno ya maziwa, bila jino lo lote kuanguka. Kwa sababu hiyo mama wengi wanafikiri ni jino la maziwa, na wanaliacha lioze. Mama, angalia sana gego hili, kwa maana likitoka halina badala.

Wakati huohuo meno ya mbele ya chini yanabadilika. Ya mbele ya juu yanafuata, kati ya miaka 7 na 9. Chonge za juu zinakuja nyuma ya mengine, karibu na miaka 11 au 12, na gego la pili karibu na miaka 12. Magego ya mwisho yanaota baada ya miaka 17, na watu wengine hawayapati kabisa.

Kwa hiyo, kati ya miaka 6 na 12 mdomo wa mtoto ni kama nyumba ambayo bado inajengwa. Ukipita na kuona matofali hapa na shimo pale, huwezi kusema fundi ameharibu kazi. Kazi haijakwisha.

2. MAMBO YANAYOTISHA MACHO, LAKINI MARA NYINGI SI UGONJWA

(a) Meno katika mistari miwili. Mtoto wa miaka 6 au 7 anafungua mdomo, na mama anaona jino jipya nyuma ya lile la maziwa, upande wa ulimi. Mama anashtuka: "Mutoto anaota meno mbili-mbili!" Usiogope. Jino la maziwa likianza kucheza, mwache mtoto alitikise kwa ulimi na kwa kidole safi. Likitoka, ulimi unasukuma lile jipya mbele polepole. Kama limekaa miezi 2 au 3 bila kulegea, mpeleke kwa munganga wa meno.

(b) Mwanya katikati ya meno ya juu. Kati ya miaka 8 na 11 watoto wengi wana mwanya mbele, na meno ya pembeni yamefunguka kama mabawa. Chonge ambazo bado zimo ndani ya mfupa ndizo zinazosukuma mizizi. Zikiota, mara nyingi mwanya unapungua au unajifunga. Na ukibaki? Kwa watu wengi wa Afrika, na huko pwani pia, mwanya ni uzuri. Si ugonjwa.

(c) Meno makubwa kuliko uso. Meno mapya ya mbele yanatoka yakiwa na ukubwa wake wote tangu siku ya kwanza, lakini uso wa mtoto bado unakua. Ngoja uso uyafikie.

(d) Meno yaliyobanana kidogo, au jino moja lililogeuka kidogo. Kama mtoto anatafuna vizuri, hana maumivu, na mswaki unafika po pote, jambo hili peke yake halimletei ugonjwa.

3. ANGALIA MWENYEWE NYUMBANI

Kazi hii haihitaji vyombo. Nawa mikono kwa sabuni. Mketishe mtoto nje, mahali penye mwanga wa jua. Mwambie ameze mate, halafu afunge meno ya nyuma kama anavyofanya akitafuna. Usimwambie "nionyeshe meno", kwa maana watoto wengi wakisikia hivyo wanasogeza taya mbele. Sasa inua mdomo wake polepole kwa vidole viwili, ujiulize maswali haya matano:

Je, meno ya juu yanafunika ya chini kutoka nje, mbele na pande zote mbili?

Je, taya la chini linafunga katikati, au linateleza kwenda upande mmoja?

Je, meno ya juu yametokea mbele sana?

Je, meno ya mbele yanakutana, au panabaki tundu hata akifunga?

Je, kuna jino moja lililoota, na mwenzake wa upande wa pili hajaonekana?

4. ALAMA ZA KUKUPELEKA KWA MUNGANGA WA MENO

Ukiona moja ya alama hizi, mpeleke mtoto. Wengine watahitaji waya, wengine watahitaji kitu kidogo tu, lakini wote wanastahili kuangaliwa.

Jino la juu linalofunga nyuma ya lile la chini. Kila mtoto akitafuna, jino la chini linapigwa na kusukumwa. Ufizi wake unaweza kushuka, na jino likaanza kulegea. Hili linatengenezwa kwa urahisi zaidi mtoto akiwa angali mdogo.

Taya linaloteleza upande mmoja wakati wa kufunga. Lisipotunzwa, taya linaweza kuzoea kukua upande huo.

Meno ya juu yaliyotokea mbele sana. Kama mtoto amefunga meno ya nyuma, na unene wa kalamu ya risasi unaweza kuingia kati ya meno ya juu na ya chini, meno hayo yamo hatarini. Mtoto huyu akianguka akicheza mpira, ni rahisi avunje meno ya mbele kuliko wenzake.

Meno ya chini yanayochoma ufizi wa juu nyuma ya meno ya mbele, mpaka unafanya kidonda.

Meno ya mbele yasiyokutana kabisa, hata mtoto hawezi kukata mkate kwa meno ya mbele.

Jino lisiloota. Kama jino moja la mbele limeota, na mwenzake hajaonekana baada ya miezi 6, mpeleke. Tena mtoto akifika miaka 10, papasa ufizi wa juu mahali pa chonge. Kwa kawaida kidole kinasikia kivimbe kigumu kila upande. Kama hukisikii, au upande mmoja tu unacho, muulize munganga. Chonge iliyopotea njia ndani ya mfupa inaweza kula mizizi ya meno ya jirani bila maumivu yo yote.

Mtoto aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Huyu usingoje meno yake. Mlete hospitalini tangu siku za kwanza.

5. HATA KATIKA NCHI TAJIRI WANACHAGUA

Mama wengine wanafikiri kwamba Ulaya kila mtoto anatiwa waya. Sivyo ilivyo. Mwaka 1989 waganga wawili wa Uingereza, Brook na Shaw, walitunga kipimo cha kujua ni nani anayehitaji kupangwa meno. Kina ngazi 5. Ngazi ya 1 na ya 2 ni meno yenye kasoro ndogo: hayahitaji, au yanahitaji kidogo tu. Ngazi ya 3 iko katikati. Ngazi ya 4 na ya 5 ndizo zenye haja kubwa, na humo mnaingia karibu alama zote nilizozitaja hapa juu. Meno ya juu yaliyotangulia zaidi ya milimita 6, kwa mfano, yako katika ngazi ya 4. Yakipita milimita 9, ni ngazi ya 5.

Kule Uingereza serikali inalipia watoto wa ngazi ya 4 na ya 5, na wale wa ngazi ya 3 ambao sura ya meno yao imeharibika sana. Wengine wakitaka, wanalipa wenyewe. Basi, kama nchi yenye mali inapima kwanza, sisi tutauzaje mashine ya kushona bila kupima?

6. NA KAMA MTOTO ANAONA HAYA?

Lakini mama, usifikiri kwamba moyo wa mtoto si kitu. Kuna mtoto anayeficha mdomo kwa mkono kila akicheka. Kuna anayekataa kusoma mbele ya wenzake. Mtoto anayejificha hivyo ana mateso ya kweli, na hiyo ni sababu ya kweli ya kutafuta msaada, hata kama meno yake yanatafuna vizuri.

Muulize yeye mwenyewe mkiwa wawili tu. Usimuulize mbele ya shangazi na jirani. Mwambie: "Mwanangu, meno yako yanakusumbua?" Mara nyingine utagundua kwamba anayesumbuliwa ni mama, na mtoto hana habari. Tena waya zinahitaji mtoto anayezitaka. Asiyezitaka hatapiga mswaki, atazivunja, na mali itapotea.

Kama tatizo ni kuchekwa, nenda pia kwa mwalimu wake ukaseme naye. Kuchekwa kunaweza kukomeshwa bila waya.

7. KETI, UHESABU GHARAMA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili anaketi kwanza na kuhesabu kama mali yake itafika mpaka mwisho. Waya za meno ni mnara wa namna hiyo. Si kitu cha kulipa siku moja na kusahau.

Waya zilizogandishwa juu ya meno zinakaa karibu mwaka mmoja na nusu mpaka miaka 2, mara nyingine zaidi. Kila baada ya wiki chache ni lazima kurudi kwa munganga ili azikaze. Zikitolewa, meno yanapenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo mtoto anavaa kifaa cha kuyashika kwa muda mrefu. Na kama hapigi mswaki vizuri wakati wa waya, meno yanaweza kubaki na madoa meupe au kuoza, na ufizi unaweza kuvimba. Mizizi ya meno nayo inaweza kufupika kidogo. Waya zilizoachwa nusu ya njia zinaweza kuharibu kuliko meno yaliyopinda.

Kabla ya kutoa franga hata moja, muulize munganga maswali haya. Usione haya, ni haki yako:

Mtoto wangu ana kasoro gani hasa? Nionyeshe.

Tusipofanya kitu, kutatokea nini?

Je, tunaweza kungoja mwaka mmoja na kuangalia tena?

Je, kuna njia ndogo zaidi?

Gharama yote ni ngapi mpaka mwisho, pamoja na picha ya radio, kurudi kila mara, waya zikivunjika, na kifaa cha mwisho?

Swali la pili linapita yote. Kama jibu ni, "Hakuna kitakachotokea, sura tu", basi una nafasi ya kungoja. Meno yanaweza kupangwa hata kwa mtu mzima, na mtoto wako akitaka siku moja, atayapanga kwa mali yake. Lakini kama jibu ni, "Ufizi utaharibika", au "taya litakua upande", hapo usikawie. Na kama umesumbuka kuamua, uliza munganga mwingine wa meno. Si dharau. Hapa Lubumbashi wako, na Universite yetu inafundisha wengine.

8. MAMBO YA HATARI: USIYAFANYE

Usifunge meno kwa mpira mdogo ili kuziba mwanya. Mpira unapanda polepole chini ya ufizi mpaka kwenye mzizi, na jino zima lenye afya linalegea na kutoka.

Usikubali waya za urembo zinazotiwa sokoni, katika saluni au nyumbani kwa mtu asiye munganga wa meno. Hata kama hazivuti kitu, gundi yake na uchafu wake vinaharibu meno.

Usitoe jino la maziwa ambalo halijalegea, kwa uzi, kwa koleo wala kwa kisu.

Usikubali mtu achimbe ufizi wa mtoto mchanga. Katika Uganda jambo hili linaitwa ebinyo, na katika Tanzania wanasema meno ya nailoni. Mtoto ana homa au anaharisha, watu wanaona kivimbe cheupe mahali pa chonge, wanasema ndicho kinachomwua, wanakichimba. Kumbe kivimbe hicho ni chonge ya maziwa inayojiandaa. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kuambukizwa pepopunda au ukimwi kwa chombo kichafu, na hata kufa. Akipona, chonge yake ya ukubwa inaweza kuota vibaya au isiote kabisa. Mtoto mwenye homa au kuharisha, mlete kliniki.

9. KAZI YA MAMA ISIYOHITAJI MALI NYINGI

Jino la maziwa linamlindia nafasi ndugu yake anayekuja. Likioza na kung'olewa mapema, meno ya jirani yanaegama, na jino la ukubwa linakosa mlango. Hivyo meno mengi yaliyobanana yalianza na chai ya sukari.

Mtoto asilale na biberoni yenye chai, uji wa sukari au maziwa. Sukre na bombo zisiwe za kila siku, na zikitolewa, ziwe wakati wa chakula. Mpe matunda, karanga zilizopondwa, bukari na sombe kama kawaida.

Piga mswaki mara mbili kila siku, na usiku usikose kamwe. Tumia dawa ya meno yenye floridi: kwa mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, kwa miaka 3 mpaka 6, si zaidi ya punje ya mahindi. Shika mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8.

Mtoto anayenyonya kidole, msaidie aache karibu na miaka 4. Usimpige na usitie pilipili. Msifu siku anayoacha, mpe kitu cha kushika usiku. Akiacha kabla meno ya ukubwa hayajaota, mara nyingi tundu la mbele linajifunga lenyewe.

Na akifika miaka 7, aangaliwe na munganga wa meno mara moja, hata kama huoni kitu.

10. TULIYOYAONA SIKU ILE

Turudi kwa mama yetu. Msichana wake alikuwa na mwanya mpana na meno ya pembeni yaliyofunguka. Nilipapasa ufizi, nikazisikia chonge mbili zikija vizuri. Alifunga sawasawa. Nikamwambia mama: "Huyu, tungoje. Umrudishe kila mwaka."

Halafu nikamwita mvulana, ambaye alikuwa akicheza na kamba ya viatu vyake. Mama akasema:

— Ule hana kitu, mama. Meno yake ni muzuri.

Ni kweli, meno yake yalikuwa meupe na yamepangana. Lakini nilipomwambia ameze mate na kufunga, jino moja la juu liliingia nyuma ya lile la chini, na taya likateleza mbele. Ufizi wa jino la chini ulikuwa umekwisha kushuka. Anayehitaji msaada alikuwa yeye, na hakuna aliyemcheka.

Munganga wa meno alimpa kibao kidogo cha kuvaa na kuvua, chenye waya mmoja. Baada ya miezi michache jino liliruka mahali pake. Gharama haikuwa ndogo kwa mama, lakini aliilipa kidogo-kidogo kwa kazi ya mashine yake ileile. Msichana sasa ana miaka 12. Chonge zimeota, mwanya umebaki mdogo tu, na yeye mwenyewe anasema hautaki uzibwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA KLINIKI

1. Ni meno gani ya ukubwa yanayoota bila jino la maziwa kuanguka?
2. Kwa nini tunamwambia mtoto ameze mate kabla ya kufunga meno?
3. Taja alama tatu za kumpeleka mtoto kwa munganga wa meno.
4. Ni swali gani kubwa la kumwuliza munganga kabla ya kukubali waya?
5. Leo jioni, angalia mdomo wa kila mtoto wako. Umeona nini?

Mungu awabariki mama wote, na awape hekima katika nyumba zenu.